Barua Isiyouliza Hali ya Goti

Kabla hajastaafu, Bi Mardhiya alijulikana na maelfu ya watu ambao hawakuwahi kumtia machoni. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali moja kubwa ya mashariki ya London, na kwa miaka ishirini na sita mtu akipiga kuuliza mgonjwa wake yuko wodi gani, sauti ya kwanza kuipata ilikuwa yake. Wengine walipiga wakilia, wengine wakitukana. Yeye alimtuliza mtu kwanza, ndipo akamuunganisha. Wakubwa zake walimwambia kwamba anatumia muda mrefu mno kwa kila simu. Aliwaitikia kwa adabu, akaendelea vilevile mpaka siku aliyoaga.

Alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba. Alikuja Uingereza akiwa bado bibi harusi, akazaa mtoto mmoja tu, Ghalia, kisha mumewe akatangulia mbele ya haki Ghalia akiwa bado shule. Mama na mwana walibaki katika nyumba ileile ya Ilford, nyumba nyembamba yenye bustani ya nyuma isiyozidi upana wa mikeka miwili, mpaka Ghalia naye alipopata kazi ya ofisi Croydon akahamia huko. Alipoondoka alimwachia mama yake kompyuta, akaiweka juu ya meza ya chakula, karibu na dirisha.

Kompyuta hiyo Bi Mardhiya aliipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa katibu wa umoja wa wanawake wa Afrika Mashariki, umoja unaotembelea wagonjwa na kushughulikia misiba, na orodha ya wanachama arobaini na kitu, na simu zao na anwani zao, yote ilikuwa humo. Ya pili, humo ndimo zilimokuwa barua za kaka yake, Mansour. Mansour alikuwa mwalimu Wete, na kwa miaka tisa kila mwezi alikwenda kwenye duka la intaneti akamwandikia dada yake barua ndefu: nani ameoa, nani amezaa, karafuu mwaka huu zimekuwaje, paa la msikiti limefika wapi. Barua ya mwisho aliiandika wiki mbili kabla ya kufa. Bi Mardhiya hakuwa amezichapisha. Zilikaa kwenye barua pepe yake, naye alizifungua alipotaka kumsikia.

Kuhusu ulinzi wa kompyuta, mama na mwana walikuwa na mzozo wa siku nyingi. Neno la siri la Bi Mardhiya lilikuwa jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa, na lilikuwa hilohilo kila mahali: barua pepe, benki, halmashauri ya mtaa, duka la vitambaa. Ghalia alikuwa akielewa Kiswahili cha mama yake chote, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza.

"Mama, ukipoteza moja umepoteza yote," alikuwa akimwambia.

"Nani aje kuniibia mimi?" Bi Mardhiya alimjibu. "Mimi si benki. Mimi ni bibi mstaafu nina orodha ya wagonjwa na picha za harusi."

Halafu kulikuwa na ile programu ya kuzuia virusi. Kompyuta ilipokuwa mpya ilikuja nayo bure kwa miezi michache, muda ukaisha, na tangu hapo kila asubuhi kijidirisha kilijitokeza pembeni mwa skrini kikimwambia kwamba hana kinga na alipie. Yeye alikifunga kila asubuhi kama mtu anayefukuza nzi, lakini moyoni kilimwachia wasiwasi kidogo. Alikuwa mtu wa kulipa anachodaiwa, na hakujua kama hili lilikuwa deni au tangazo tu.

Ndiyo maana Jumatatu ile, alipokuwa akitafuta dawa ya kuondoa ukungu kwenye dari ya bafu na skrini nzima ghafla ikawa nyekundu, hakushangaa sana. Kompyuta ililia kama king'ora. Maandishi makubwa yalisema kwamba imeshambuliwa na virusi, asiizime, apige namba hii mara moja. Alijisemea: si niliambiwa? Kila siku naambiwa, kila siku nafunga. Akachukua simu.

Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole. Alijitambulisha kuwa fundi, akamwita "madam", akamwambia amefanya vyema kupiga mapema. Alimwelekeza kuingiza programu ndogo ili aweze kumsaidia kutoka huko alikokuwa. Bi Mardhiya aliona mshale ukitembea wenyewe juu ya skrini, ukifungua vidirisha asivyopata kuviona. Fundi akamwonyesha orodha ndefu yenye alama nyekundu.

"Hivi vyote ni virusi, madam. Hebu tufungue barua pepe yako tuone kama vimefika huko."

Akaandika neno lake la siri, ikafunguka. Fundi akamshukuru, akawa anafanya kitu. Kisha akasema, "Sasa tufungue benki."

Hapo ndipo sikio lake la kazini lilipoamka. Nyuma ya sauti ya yule fundi kulikuwa na chumba kilichojaa watu wanaoongea na simu, mlio anaoujua vizuri kuliko mlio wa nyumba yake. Na ndani ya chumba hicho akamsikia mtu mwingine akimwambia mteja mwingine: "Umefanya vyema kupiga mapema, madam." Maneno yaleyale, mkato uleule wa sauti, hata kuvuta pumzi palepale. Katika miaka ishirini na sita hajaona wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja kiasi cha kuambiwa maneno mamoja kwa pumzi moja.

Akakata simu. Akabonyeza kitufe cha kuzimia kompyuta na kukishikilia mpaka skrini ikawa nyeusi. Simu ikaita mara nne, hakuipokea. Halafu akaipigia benki yake kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, akaambiwa hakuna kilichoguswa, na akaunti ikawekewa ulinzi.

Angesimulia siku hiyohiyo, pengine habari ingeishia hapo. Lakini aliona haya. Mtu aliyekuwa akiwafundisha vijana wapya hospitalini wasimpe mpigaji yeyote habari za mgonjwa, leo amemfungulia mtu asiyemjua mlango wa nyumba yake na kumkaribisha kiti. Angemwambia nini Ghalia? Akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, akakaa nayo siku mbili bila kuigusa, akijipa moyo kwamba imekwisha.

Jumatano asubuhi simu ya mezani iliita. Alikuwa Siham, rafiki yake tangu darasa la pili Wete, ambaye sasa alikaa Kilburn, katika fleti ya ghorofa ya tatu isiyo na lifti.

"Mardhiya, uko wapi?"

"Niko kwangu. Nitakuwa wapi saa hizi?"

"Mzima?"

"Alhamdulillahi. Goti lako linaendeleaje? Ile sindano imekusaidia?"

Upande wa pili Siham alishusha pumzi. "Haya. Sasa najua naongea na wewe. Shoga yangu, kaa kitako nikusomee kitu."

Akamsomea. Ilikuwa barua iliyotoka kwenye anwani ya Mardhiya, kwa jina la Mardhiya, kwa Kiswahili. Ilisema: "Habari mpendwa, natumaini barua pepe hii inakupata vizuri. Ninahitaji neema kutoka kwako." Mwandishi aliendelea kusema kwamba mpwa wake anaumwa saratani na leo ni siku yake ya kuzaliwa, na kwamba yeye hawezi kutoka nyumbani, basi mpendwa anunue kadi za zawadi dukani, zile zinazotumika kama fedha, azikwangue, ampelekee namba zake kwa picha.

"Siham, si mimi."

"Najua si wewe. Miaka kumi na mmoja unaniandikia kila Ijumaa. Hujapata hata siku moja kuniandikia bila Assalamu alaykum, bila kumuuliza mwanangu, bila kuliuliza goti hili. Unaliuliza mpaka mimi mwenyewe nachoka nalo. Halafu mtu aniambie anataka neema kutoka kwangu. Neema inatoka kwa Mungu, mimi natoa hiyo neema wapi?"

Bi Mardhiya alijikuta anacheka na machozi yanamtoka. Kisha akaacha kucheka. "Wenzetu je? Orodha nzima imo humo."

"Nimeshaanza kupiga. Nimewapata kumi na saba. Wewe anza kutoka mwisho wa orodha, mimi naendelea kutoka mwanzo, tukutane kati. Orodha unayo kwenye karatasi?"

Alikuwa nayo, ya mwaka jana, ndani ya droo ya jikoni. Akakaa na simu yake ya mezani kama alivyokaa zamani kazini, akapiga moja baada ya nyingine. Kila aliyepokea alimwambia ukweli bila kuupamba: nimeibiwa anwani, niliyemfungulia ni mimi mwenyewe, usinunue kitu, usibofye kitu. Mumbi, Mkikuyu aliyekuwa nesi katika hospitali ileile, alipatikana akiwa kwenye foleni dukani, kadi tatu mkononi.

"Basi nazirudisha," Mumbi alisema. Kisha akaongeza, "Lakini dada, ungekuwa ni wewe kweli, ningenunua. Nataka ujue hilo."

Bi Mardhiya alimshukuru kwa neno moja, akaweka simu chini, akapiga namba iliyofuata.

Ilipofika adhuhuri Siham alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshuka ngazi za ghorofa tatu, akapanda treni mbili, na goti lake hilo, akiwa na kopo la chapati kwenye mfuko. Alipoambiwa kwamba kompyuta tangu Jumatatu imefunikwa kitambaa, alikitoa kile kitambaa akakikunja vizuri.

"Si yule jirani yako anafundisha kompyuta maktaba? Mwite."

Jirani huyo alikuwa Lata, nyumba ya tatu upande wa kulia. Alizaliwa Nakuru kwa wazazi Wagujarati, akaja London akiwa msichana, akafanya kazi katika idara ya kompyuta ya halmashauri mpaka kustaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha utotoni, kilichojaa mapengo, naye hakujali. Alikuja na kandambili, miwani juu ya kichwa.

Bi Mardhiya alimweleza yote tangu mwanzo, akitazama meza. Alipomaliza, aliuliza swali lililokuwa likimla kwa siku mbili.

"Niambie kweli, Lata. Yamenipata haya kwa sababu sikulipia ile programu ya virusi?"

"Hapana," Lata alisema. "Sikia. Kompyuta yako iko na askari yake tayari, alikuja nayo kutoka kiwandani, bure. Yule mwingine anakusumbua kila asubuhi anataka tu biashara. Mtu wa nyumbani kama wewe, askari wa bure anatosha, lakini lazima umwachie afanye kazi, na kompyuta ikisema inataka kujisasisha, usiseme kesho kesho. Nione hapa." Akageuza skrini. "Unaona? Miezi saba unasema kesho."

"Nilidhani ni tangazo jingine."

"Watu wengi wanadhani. Sasa, huyu mwizi hakuvunja mlango. Hata askari wa bei kali namna gani, ukimwambia mgeni karibu ndani, askari atafanya nini? Alikudanganya wewe, hakudanganya mashine. Hiyo inaweza kupata mtu yeyote, mimi pia. Lakini paswedi yako..." Lata alitikisa kichwa. "Paswedi ndiyo ingempa nyumba yote. Akipata moja, anapata chumba zote."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama fundi bomba anayekuonyesha mahali maji yanapotokea. Kwa siku mbili Bi Mardhiya alikuwa akijitukana kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya lilikuwa na dawa.

Lata aliondoa programu ya yule fundi wa uongo, akakagua kompyuta nzima, akanakili picha na orodha ya wanachama kwenye diski ndogo, kisha akaisafisha mashine na kuianzisha upya. Kazi ilichukua mchana mzima. Siham alipasha chapati, akachemsha chai ya tangawizi. Barua pepe, hata hivyo, ilikataa kufunguka. Mwizi alikuwa ameshabadilisha neno la siri.

"Barua za Mansour," Bi Mardhiya alisema polepole.

Siham, aliyemjua Mansour tangu akiwa kijana mwenye baiskeli ya kuazima, aliweka kikombe chini.

Jioni Ghalia, aliyepigiwa simu na Siham na kusimuliwa yote, alifika moja kwa moja kutoka kazini. Mama yake alikuwa amemwogopa kuliko alivyomwogopa mwizi. Alikuwa ameandaa utetezi. Lakini Ghalia alivua koti, akamkumbatia, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimjibu kwa Kiswahili, Kiswahili kizito kisichozoea kutoka.

"Usilie, Mama. Tutazipata. Mimi niko."

Yeye na Lata wakajaza fomu za kuthibitisha mwenye akaunti. Namba ya simu iliyosajiliwa ilikuwa bado ya Bi Mardhiya, mwizi alikuwa hajaiondoa. Wakaambiwa wasubiri. Walisubiri siku tatu. Ghalia hakurudi Croydon, alilala kwenye chumba chake cha zamani na kufanya kazi zake kwenye kitanda. Siku hizo tatu Bi Mardhiya alisali, alisafisha dari ya bafu kwa siki, na aligundua kwamba anazikumbuka barua za kaka yake kwa kichwa kuliko alivyodhani: lile paa la msikiti, ule mwaka wa karafuu nyingi, yule mtoto wa jirani aliyepewa jina lake yeye Mardhiya.

Jumamosi asubuhi ujumbe ulikuja, na barua pepe ikafunguka. Lata aliitwa haraka, akaja na mikono yenye unga. Kabla hajamruhusu mtu kufurahi, alitafuta ndani ya mipangilio, akakuta mwizi ameacha agizo kwamba kila barua itakayoingia, nakala yake imfikie yeye.

"Angalia mjanja," Lata alisema, akalifuta.

Kisha akasogea. Bi Mardhiya akaandika jina la Mansour kwenye sehemu ya kutafutia. Barua zikashuka moja chini ya nyingine, mia moja na tatu. Hakufungua hata moja. Aliweka kiganja kwenye skrini tu, na Ghalia akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo mpaka Lata alipokumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

Neno jipya la siri Bi Mardhiya alilitunga mwenyewe siku hiyo. Lata alimwambia achague maneno matatu yasiyohusiana, yasiwe majina ya watu wala ya mitaa, na ayaunganishe. Alichagua maneno ya Kipemba ambayo hajayasikia kinywani mwa mtu tangu bibi yake alipokufa, na hata Ghalia hajui ni yapi. Kila akaunti ikapata lake. Ghalia akaongeza kufuli la pili, ili mtu akiingia kwenye mashine ngeni, simu ya mama yake iulizwe kwanza. Kwa kuwa maneno yalikuwa mengi, Lata alimruhusu ayaandike kwenye daftari na kulificha ndani ya nyumba.

"Mwizi yuko mbali," alisema. "Hawezi kufungua kabati yako. Lakini daftari isikae karibu na kompyuta, tafadhali."

Wiki mbili baadaye umoja wa wanawake ulikutana ukumbini, Ilford. Mwenyekiti alitaka kulipitisha jambo lile kwa maneno machache ili asimwaibishe katibu. Bi Mardhiya akaomba asimame. Alieleza kuanzia ukungu wa bafu mpaka barua ya neema, na alipofika kwenye goti la Siham ukumbi ulicheka, Siham mwenyewe akiongoza. Kisha akawashukuru: waliopigiwa na wasimlaumu, waliokuwa tayari kununua, waliomwombea. Alisema kwamba kosa lake kubwa halikuwa kumfungulia mwizi, bali kunyamaza siku mbili.

Kisha akakaa. Katika safu ya nyuma mama mmoja akainua mkono. Alikuwa Adelina, mtu wa Bukoba, mlezi wa wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee, mpole, ambaye kwenye mikutano huwa hasemi ila jina lake. Akasema kwamba yeye yalimpata mwaka jana, kwa namna hiyohiyo, na kwake walifika mpaka benki. Hajamwambia mtu. Hata kwa mumewe alisema kwamba fedha zile amemtumia dada yake.

Bi Mardhiya aliinuka, akapita katikati ya viti, akaenda kukaa naye.

Jumanne iliyofuata darasa la Lata maktaba, ambalo kwa kawaida lina watu wanne, lilipata wanawake kumi na mmoja kwa mpigo. Viti havikutosha. Mhudumu wa maktaba alikwenda kuleta vile vya sehemu ya watoto, na wake za watu wenye wajukuu wakakaa juu ya viti vya rangi rangi wakichekana. Lata aliwafundisha kwa Kiingereza, na kila alipokwama kupata mfano alikimbilia Kiswahili cha Nakuru, na darasa likamsaidia kumalizia sentensi.

Adelina alikaa karibu na Bi Mardhiya. Alibadilisha maneno yake yote ya siri, moja moja, taratibu, akificha karatasi yake kwa mkono. Alipomaliza la mwisho alifunga mashine, akabaki ameitazama.

"Leo nitamwambia mume wangu," alisema.

"Nikusindikize?"

"Mpaka kituo cha basi tu. Kule mbele nitakwenda mwenyewe."

Wakavaa makoti yao, wakamuaga Lata, wakatoka pamoja.